Unga wa Europiamu

Foleni ya kibanda cha simu pale Kitengela ilikuwa ndefu siku hiyo ya soko, na kijana aliyevaa koti jeupe la maabara alikuwa akipaza sauti kana kwamba Nairobi ingemsikia bila waya. Alitaka tanuru lenye moto mkali. Chuoni kwao lililokuwepo lilikuwa limeharibika.

"Kaka, maliza na wengine wapige," msichana nyuma yake alisema. "Tanuru iko kwetu."

Kijana huyo, Kisilu, akageuka. Msichana alivaa gauni la kitenge lenye madoa ya udongo na kilemba cha manjano kilichokaa upande. Kisilu akasahau simu mkononi, mtu wa upande wa pili akiita halo, halo.

Msichana huyo, Achola, alikuwa mfinyanzi katika karakana ya Phylis, barabara ya kwenda Kisaju. Kisilu, aliyekuwa akisomea shahada ya pili ya kemia, akaanza kuchoma unga wake wa utafiti huko. Siku ulipokubali kuwaka, walijifungia stoo, wakazima taa. Unga ukang'aa kijani.

"Wewe! Huu ni uchawi gani?"

"Si uchawi, mpenzi. Ni madini adimu, europiamu, kidogo tu. Imekaa ndani ya fuwele, kila chembe mahali pake. Inakunywa mwanga, halafu inautoa polepole. Huo mpangilio ukivunjika, mwanga kwisha."

"Na wewe nani alikupanga ukanitoshea hivi?"

Walitoka humo wakicheka, Phylis akajifanya hajaona kitu.

Wageni kutoka Japani walikuwa waje kuuona unga huo. Wakiupenda, Kisilu angeenda kusoma kwao.

"Ukienda utanisahau," Achola alimtania. "Afadhali huo unga wako ukatae kuwaka."

Kisilu alicheka, akamwachia ufunguo wa kabati la unga, akaenda kuwaona wazazi wake Machakos.

Mbele ya wageni, unga haukuwaka. Ulikaa tu kwenye sahani kama chokaa. Mashine ya eksirei ilionyesha fuwele zimevunjika, unga ulikuwa umeingia maji. Na ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu mmoja tu.

Maneno ya Achola yakamrudia Kisilu, na safari hii hakuyaona ya utani. Hakumuuliza. Achola alipopiga simu chuoni, wenzake Kisilu walisema hayupo, huku mwenyewe amekaa hapo hapo akisikiliza, roho ikimuuma. Hatimaye simu zikakoma. Kisilu alimaliza masomo, akapata kazi ya ualimu Kajiado, na kila msichana aliyemkaribia alimwona mwongo.

Mwaka wa 2004 alirudi kwa Phylis kutafuta vyungu vya maabara ya shule. Alimkuta mama huyo akifungua pakiti ya unga wa rangi na kuumwagia maji.

"Mbona unaosha, mama?"

"Mwalimu, hapa kila unga unaoshwa kwanza, uchafu utoke. Udongo, rangi, kila kitu. Ule wako Achola aliuosha hadi mikono ikachubuka. Akasema wageni wako wasipate hata kavumbi."

Kisilu aliketi juu ya gunia la udongo. Kisha akaomba namba ya Achola, akatoa simu yake ya mkononi.

"Kisilu?" Sauti ilikuwa ile ile. "Leo umenikumbuka?"

Akamweleza yote, maji, wageni, na alivyomdhania.

"Kumbe ni mimi niliharibu."

"Hukujua. Mimi nilidhani ulifanya makusudi ndio nisiende."

"Ungeniuliza tu. Ningekuambia hapo hapo. Nilikuwa najivunia hiyo kazi, Kisilu. Nilikuwa nangoja unishukuru."

"Nisamehe, Achola. Naomba nije nikuone. Hata kesho."

"Nimekusamehe. Lakini Jumamosi watu walileta ng'ombe kwa baba, na wamepokelewa."

"Ng'ombe za nani?"

"Za mtu mmoja mpole wa Rongai," Achola alisema. "Kitu kikimsumbua, ananiuliza."