Pazia la Nyutrino

Saa mbili asubuhi, mapazia mawili meusi yalikuwa yametandazwa sakafuni, vishada vya shanga zake vikifanana kama mapacha. Fundi cherehani aliyatazama, akaridhika. Jioni yangetundikwa kwenye maonyesho ya sayansi. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza nje ya mtaa.

Wifi yake, mtafiti aliyempa picha mbili za kufuata, alifika kuyachukua. Akatazama la kwanza, akatazama la pili.

"Wifi, mbona yamefanana?"

"Picha yako ya pili ilichapwa vibaya. Vishada vidogo vilififia. Nikakurekebishia."

"Mungu wangu! Vilitakiwa vififie! Watu watajifunza uongo."

Fundi alikaa kitako. "Basi nieleze. Siwezi kushona nisichokielewa."

"Kosa langu, sikukueleza. Kila ushanga ni galaksi, yaani kundi la nyota nyingi mno. Uvutano ndio ulioziunganisha kama utando: penye vitu vingi, vingine huvutwa. Sasa kuna chembe ziitwazo nyutrino. Hata sasa zinapita mwilini mwako, huzihisi. Pazia la kwanza ni ulimwengu ambao nyutrino hazina uzito. La pili ndilo letu: zina uzito, ingawa kidogo sana."

"Zikiwa na uzito, si zitaongeza vishada?"

"Wengi hudhani hivyo. Lakini zina mbio. Kishada kidogo hakiwezi kuzishika, zinakipita tu. Kwenye hesabu ya uzito zimo, kwenye kazi ya kukusanya vitu hapo hazimo. Ndiyo maana vishada vidogo hukua polepole na kubaki hafifu."

"Kama kaka yako! Kwenye kula yumo, kwenye kuosha vyombo hayumo."

"Nimesikia!" mume wa fundi alipaza sauti kutoka jikoni.

"Umesikia? Njoo na mkasi."

"Na hizi nyuzi kubwa za shanga, tuzifumue?" mume aliuliza akichuchumaa kando ya pazia la pili.

"Ziache," dada yake alisema. "Kwenye umbali mkubwa, nyutrino nazo hukusanyika pamoja na vitu vingine. Punguza vishada vidogo tu."

Mume akaanza kufumua kwa pupa. Fundi akamzuia mkono. "Taratibu, baba! Uzito wenyewe kiduchu, nawe unafyeka kama shamba."

Jioni mapazia yalitundikwa. Mgeni wa kwanza aliyatazama kwa zamu, akasogea karibu.

"Hili la pili vishada vidogo vimepungua. Kwa nini?"

Mtafiti alifungua kinywa. Fundi akamuwahi.

"Ni nyutrino, ndugu yangu. Zina uzito, ila hazitulii."