Kidole Gumba cha Mfumi

Saa mbili asubuhi, Jumanne, mtambo wa kufumia wa Wodajo ulinyamaza. Nguo ya harusi ya binti yake Desta ilibakiza shubiri nne kukamilika. Mfumi alikuwa ameangukia nyuzi. Alipozinduka, hakukumbuka kitu.

"Mara ya tatu mwezi huu," alisema mkewe, Asnakech. "Harusini utamwangukia bwana harusi."

"Akinidaka, nitajua nimepata mkwe."

Jirani yao Bizunesh, muuguzi, alikuja kunywa kahawa. Alimshika Wodajo mkono, akahesabu mapigo kwa saa yake.

"Thelathini na sita. Machache mno."

Kisha akakitazama kidole gumba. Kilikuwa chembamba, chenye pingili tatu badala ya mbili.

"Hicho ni kidole cha ufumi," alisema Asnakech. "Baba yake alikuwa nacho, Desta anacho. Ukoo huu, mtoto akizaliwa nacho, wanachinja kondoo."

"Baba yake alikufaje?"

"Ghafla. Mtamboni."

Bizunesh aliweka kikombe chini.

"Gashe," alisema, akimwita kwa heshima kama kaka mkubwa, "mtoto akiwa tumboni, jeni alizorithi huelekeza mwili ujengwe vipi. Ipo jeni moja inayoelekeza mkono na moyo pia. Ikiwa na hitilafu, kidole huweza kutoka hivi, na moyo ukawa na kasoro."

"Moyo wangu ulijengwa miaka hamsini iliyopita, dada."

"Jeni hiyo ni kama fundi asiyeondoka nyumba ikiisha. Hubaki kutunza njia za umeme unaoupigisha moyo. Njia zikiharibika, moyo husita, nawe unaanguka."

"Kwa hiyo si baraka?"

"Ni barua. Mmeichinjia kondoo, hamkuifungua."

Wodajo alicheka. Kesho yake alikwenda hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha njia zimeziba. Daktari alimwekea kifuani, chini ya ngozi, kifaa kidogo cha betri kinachoushtua moyo unaposita. Desta naye alipimwa. Moyo wake ulikuwa mzima, ila aliambiwa arudi kila mwaka, na akipata mtoto naye apimwe, kwa kuwa kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi hitilafu hiyo.

Zile shubiri nne Wodajo alizimaliza mwenyewe.

Miezi miwili baadaye, Jumapili saa tisa alasiri, Desta aliolewa amevaa nguo hiyo. Bizunesh alimshika Wodajo mkono katikati ya ngoma.

"Tisini na nne."

"Niachie, nacheza."

Alicheza nyimbo saba, hakuanguka. Mkwe wake, aliyekwisha kuonywa, alicheza nyuma yake zote saba, mikono tayari kudaka.