Injini ya Hanad na Nafasi ya Mbele

Tangazo. Kamati ya Wasafirishaji wa Maziwa wa Kulamawe inawaarifu wanachama wote kwamba Ijumaa asubuhi, kabla ya msafara kuelekea Isiolo mjini, mwenyekiti atafungua boneti za magari na kutazama ndani. Gari lenye injini safi kuliko yote litatangulia msafara. Mwenyekiti atavaa tai.

Wanachama walilisoma tangazo hilo kwa makini. Njia ya kutoka Kulamawe hadi barabara kuu ni nyembamba. Gari la kwanza halili vumbi. Magari mengine hula, na maziwa yanayobebwa hula pia.

Hanad alikuwa na pikapu kuukuu. Mke wake, Asho, aliuza maziwa ya ngamia mjini, na wateja wake walikuwa wameanza kulalamika.

"Mwenye hoteli alipitisha kidole kwenye kifuniko changu," Asho alisema. "Akanionyesha kidole mbele ya watu. Nataka nafasi ya mbele, Hanad."

Alhamisi alasiri Hanad alirudi kutoka safarini, akazima gari na kufungua boneti. Ndani kulikuwa na grisi, vumbi na manyoya ya ndege. Jirani yake Adano, dereva mwenzake, alipita akacheka.

"Warya, wewe! Hiyo ni injini ama kiota cha kuku?"

"Kesho utakula vumbi langu."

"Gari langu nalipeleka kwa mashine ya kuosha kwa maji saa hii, likiwa bado moto. Uchafu utaruka wenyewe."

Hanad alitia petroli ndani ya kopo na kuchovya kitambaa. Hatua chache kutoka hapo, Asho alikuwa akifukiza vyombo vyake, kama wanawake wa Kulamawe wafanyavyo kila siku. Alitia ukuni unaowaka ndani ya chombo, akafunika, akatikisa. Moshi huo huyapa maziwa ladha na kuyafanya yasiharibike upesi. Cheche ziliruka.

"Salaam aleikum," sauti ilisema langoni. Alikuwa Fathia, binti wa kaka yake Hanad, fundi wa umeme wa magari mjini. Hakungoja ami yake ajibu. "Adeer, weka hilo kopo chini. Polepole."

"Wa aleikum salaam. Baba yako alisafisha injini hivi maisha yake yote."

"Na nyusi zake zilienda wapi?"

Hanad alifikiri. Ilikuwa kweli kwamba kaka yake hakuwa na nyusi.

"Mvuke wa petroli hauonekani," Fathia alieleza. "Hutambaa chini mpaka ukutane na moto. Injini yenyewe ni moto."

Asho alinyanyua ukuni wake. "Basi nizime?"

"Hapana, Mama Asho. Moto wako ulikuwa hapa kwanza. Gari ndilo litahama."

Fathia alifunika petroli na kuipeleka mbali. Walisukuma gari hadi upande wa pili wa boma, wakanywa chai wakingoja injini ipoe. Kisha Fathia alivaa glavu, akafungua waya wa hasi wa betri. Alikata vipande vya nailoni kutoka turubai kuukuu, akafunika altaneta inayochaji betri, sanduku la fyuzi na mahali injini inapovutia hewa.

Walianza kwa brashi kavu. Kisha wakapaka sabuni ya kuondoa grisi, wakasugua, wakasuuza kwa maji ya birika, kidogo kidogo. Maji machafu waliyakinga kwa karai, mbuzi wasiyanywe.

Grisi ilipotoka, Hanad aliinama. Mpira wa kupitisha petroli ulikuwa na ufa.

"Huu umekuwa hapa tangu lini?"

"Sijui. Uchafu uliuficha," Fathia alisema.

"Kwa hiyo kila siku nimekaa karibu na petroli inayovuja?" Asho aliuliza.

Hanad alienda dukani kununua mpira mpya, na Fathia akaufunga. Aliondoa nailoni zote, akapangusa kwa kitambaa, akaacha boneti wazi hadi kila kitu kikauke. Ndipo akarudisha waya wa betri.

"Sasa washa, adeer."

Gari liliwaka mara moja. Hanad aliwaita majirani waje kulisikia.

Ijumaa mwenyekiti alikuja na tai. Alitazama injini ya Hanad kwa muda mrefu, kisha ya Adano. Zote ziling'aa. Akaamuru ziwashwe. Ya Hanad iliwaka. Ya Adano ilikoroma, ikanyamaza.

"Maji ya mashine yameingia kwenye umeme," Fathia alisema. "Usijaribu tena. Toa waya wa betri, nitakusaidia kukausha."

"Na jana nilicheka," Adano alisema.

"Tulisikia," alijibu Asho, akipanda gari.

Kamati ilienda kando kushauriana. Maziwa hayangoji kamati, kwa hiyo Hanad aliondoka. Mjini, mwenye hoteli alipitisha kidole kwenye kifuniko cha Asho, akakitazama, akachukua maziwa yote. Asho alimwomba apitishe tena, kwa kuwa safari hii watu hawakuwa wameona.

Adhuhuri, kamati ilibandika uamuzi wake:

"Kwa kuwa tangazo lilihusu usafi na halikutaja kuwaka, gari la Hanad na gari la Adano yote ni ya kwanza. Kuanzia kesho, kila moja litatangulia jingine."