Kisanamu Kilichoitika

Mama mkwe aliita kutoka kitandani, "Nagat, unga umeukanda?" Kabla Nagat hajafungua kinywa, sauti ikaitika jikoni, "Nipo. Nitafanya mimi."

Nagat alikuwa ameketi uani, miguu imevimba, amechoka hadi kwenye mifupa. Alipokwenda kutazama, alikuta madonge ya mikate yamepangwa juani yaumuke, na jikoni hamna mtu. Palinuka udongo wa kaburi. Ndani ya pipa la unga kilikuwemo kile kisanamu cha buluu ambacho mumewe, Mahrous, alikifukua akichimba choo, akakificha humo mpaka apate mnunuzi. Kilikuwa kimekunja mikono kifuani, kila mkono umeshika jembe.

Mwingine angetimua mbio hadi ng'ambo ya mto. Nagat alirudi kulala. Mwenye njaa hana miiko, na mwenye kuchoka vilevile.

Tangu hapo kila alipoitwa, kiliitika chenyewe. Maji yalitekwa, punda akapewa majani, mama mkwe akageuzwa kitandani na mikono ya baridi asiyoiona. Lakini chai ilianza kuwa na ladha ya vumbi, njaa ikamwacha Nagat kabisa, na jioni moja Mahrous alikula peke yake akafunika sinia, na mkewe alipomgusa bega alijipangusa kama mtu aliyetuliwa na nzi, akaendelea kumweleza mama yake, kwa huzuni ya mjane, kwamba nyumba hii sasa inahitaji mke.

Hapo Nagat aliogopa kwelikweli. Akamwendea Sheikh Badri, mmoja wa wachache waliokuwa bado wakimwona. Sheikh alifika kesho yake mchana, akasoma, akafukiza ubani, kisha akakiuliza kisanamu kwa nini kinamtumikia mwanamke huyu.

"Nilifinyangwa niwafanyie kazi maiti," kilisema. "Aliye hai simtumikii."

Sheikh alimgeukia Nagat, jasho likimtoka. "Mwanangu, nikikitoa sasa utarudi kwa watu wako, na kazi zako zote zitarudi nawe. Jua likizama sitaweza tena. Nikitoe?"

Nagat aliyataka maisha yake, hilo asisingiziwe. Lakini aliyakumbuka maji, yule punda, uzito wa mama mkwe, na kope zikamlemea.

"Kesho, sheikh," alinong'ona. "Leo niache nilale."

Sheikh Badri aliangaza huku na huku jikoni, akitafuta sauti hiyo imetoka wapi.