Mashine ya Zege ya Lopeti Vaipulu

Jumanne asubuhi, Mount Druitt, magharibi ya Sydney, Ilaisaane Moala alisukuma mlango wa banda akakuta ndani hamna kitu. Kwenye vumbi la saruji kulikuwa na duara pana, safi, mahali palipokaa mashine ya kulainisha zege. Kufuli lilikuwa zima.

"Imeibwa," alisema Lopeti Vaipulu, fundi zege, baba wa watoto wanne, muflisi tangu wiki iliyopita. Hakumtazama usoni.

Ilaisaane, mwenyeji wa visiwa vya Tonga kama Lopeti, alikuwa mpelelezi wa ofisi inayosimamia mali za waliofilisika. "Kaka, kwenye maelezo yako hukuitaja kabisa. Imeibwaje mali ambayo hukuwa nayo?"

Lopeti alirudishia mlango wa banda. Kesho angehojiwa chini ya kiapo. Akidanganya huko, angeweza kufungwa.

Sebuleni walikaa wawili: Siutiti, dada mkubwa wa marehemu baba yake Lopeti, na Grant Pollard, mshauri aliyemjazia Lopeti fomu za kufilisika.

"Mashine nimechukua mimi," alisema Siutiti. "Mimi ni fahu wake, mwenye heshima ya juu katika ukoo. Shangazi akitaka kitu, anachukua. Wewe si Mtonga? Hukulelewa?"

"Nimelelewa, Mama."

"Basi unauliza nini?"

Pollard alicheka kidogo. "Andika hivyo, dada. Mila zao hizo, mimi na wewe tutafanyaje? Yaishe."

Ilaisaane aliwaza. Hii ilikuwa nyumba ya tatu mwaka huu: shangazi wengine, mali nyingine, mshauri yuleyule. Aliomba radhi akatoka. Majirani wa pande zote mbili walimwambia neno moja: hawakuona kitu kikitoka. Akapiga simu, kisha akarudi.

"Mama, shangazi yangu alichukua friji letu siku ya mazishi ya babu. Alisimama katikati ya ukoo mzima akanyoosha kidole. Tukapiga makofi, mama yangu analia jikoni. Fahu hachukui kwa kujificha. Heshima yenyewe ni kuonekana. Wewe ulichukua kwenye shughuli ipi? Nani alikushuhudia?"

Siutiti alimtupia jicho Pollard.

"Na mashine ile inabebwa na wanaume wawili," Ilaisaane aliendelea.

"Shangazi, basi," Lopeti alisema kutoka mlangoni.

"Kaa kimya, nakulinda!"

"Unanilinda kwa kuchafua jina lako."

Mama yule alimsogelea. "Mimi niliambiwa hivi ndivyo utakavyopona. Kama si kweli, sema. Nakuamuru."

Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumkatalia. Lopeti akasema: Pollard alimtisha kwamba akiitaja mashine atanyang'anywa kila kitu, waliibeba wawili usiku mpaka kwenye gari la Pollard, aitunze, wakiulizwa, wamtaje shangazi; asubuhi ile yeye akaona haya kumtaja, akasema imeibwa. Tangu hapo, kila akiidai, anaambiwa asubiri.

"Muflisi mwongo," Pollard alisema akiinuka. "Nani atamwamini?"

"Watu wa nyumba mbili nyingine," Ilaisaane alijibu. " Ulijua Mtonga hamdai shangazi yake. Ulijua pia muflisi hawezi kukushtaki bila kujishtaki mwenyewe. Wao wanaficha, wewe unauza. Ndiyo biashara yako."

Pollard alitoka haraka. Kando ya gari lake walisimama askari wawili, ndio Ilaisaane aliowapigia.

Ilaisaane alimgeukia Lopeti.

"Mashine yenyewe ilikuwa ya thamani gani?" Ilaisaane aliuliza.

"Kuukuu. Dola elfu mbili, labda."

"Kaka yangu." Sauti yake ilishuka. "Zana za kazi za thamani ndogo hivyo, sheria humwachia muflisi alishe watoto. Ungeitaja tu, leo ungekuwa nayo kazini."

Lopeti alikaa chini sakafuni, mikono kichwani. "Na jela?"

"Siwezi kukuahidi. Ila anayerekebisha maelezo yake kwa hiari, kabla ya kiapo, hatazamwi kama aliyekamatwa akidanganya. Njoo leo. Usingoje kesho."

Lopeti alipoinua macho, Siutiti alikuwa ameshajifunga kiunoni mkeka wake wa heshima, ule ambao Watonga huuvaa kanisani.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Nitaanza kusema mimi. Uongo wa leo niliutoa mimi kwa mdomo wangu."