Risasi Nyekundu za Elias

Mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulipochachamaa, injini ilikohoa, ikanyamaza, na ziwa likawafanya lilivyotaka. Boti ilipigizwa mwambani, mahali pasipo kijiji wala njia, ila msitu ulioning'inia mlimani na kijito kinachoingia ziwani. Dunstan alitoka majini akivutwa ukosi na shemeji yake, kama mbuzi. Mguu wake wa kulia ulichanika, nyama ikafunguka mpaka kwenye kifundo. Bunduki yake ilikuwa bado mgongoni, imefungwa ndani ya nailoni.

Mtu mwingine angeshukuru. Dunstan, Mmatengo wa Ukata asiyejua kuogelea hata kidogo, alijiuliza: amenivuta mimi, au ameivuta bunduki?

Alikuwa na sababu. Elias ni kaka wa mkewe, Devotha, na msimu uliopita waligombania mpaka wa shamba la kahawa hadi Elias akabwata mbele za watu, "Tutaona nani atamzika mwenzake!" Devotha ndiye aliyewalazimisha safari hii. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo ya wakwe huko Chiwanda; nendeni pamoja, alisema, mkawawinde, mrudi mnaongea. Haya sasa, walikuwa wamepatana na mawe.

Maji ya kijito yalikuwepo, chakula hakuna. Mwera ukivuma hivyo, hakuna boti inayotoka. Kesho yake jioni Dunstan alishikwa na homa, mguu umevimba, na risasi zake, zile fupi za ganda la karatasi, zilikuwa zimelowa zikatutumka.

"Usihofu," Elias alisema. Alifungua dumu lililokazwa vizuri, akatoa risasi nyekundu, ndefu, zinang'aa. "Asubuhi kanga wanakuja kunywa pale kijitoni. Utapiga."

"Umezitoa wapi?"

"Songea. Dukani."

Wakiwa kwenye boti alisema kapewa na rafiki. Dunstan alilikumbuka hilo, akaigeuza moja. Ubavuni iliandikwa sabini, urefu wa ganda kwa milimita. Bunduki ya marehemu baba yake iliandikwa sitini na tano, na mtutu wake ulikuwa wa chuma chembamba, wa enzi za baruti nyeusi.

Elias akaichukua, akaitia kwenye bunduki. "Unaona? Imeingia yenyewe, kama imezaliwa humo!"

Loo, hapo ndipo penye mauti. Kuingia itaingia, maana mdomo wa ganda umekunjwa. Ikilipuka, mdomo unafunguka, chemba fupi, pale inapokaa risasi, haina nafasi, na moto unarudi usoni kwa mpigaji. Dunstan aliyajua hayo tangu utotoni. Akaamini Elias naye anayajua.

"Wewe ndiye mwenye bunduki," Elias alisisitiza. "Upige wewe."

Ndiyo, nipige mimi, Dunstan aliwaza, nife mimi, mpaka wa shamba uhame. Aliitoa risasi bila neno, akailalia bunduki.

Alipozinduka kumepambazuka. Bunduki haipo. Elias hayupo. Kanga walikuwa wanalia kijitoni.

Mtu anayejua hawezi kuibandika shavuni mwenyewe!

"Elias! Usipige!" Aliinuka, akaanguka, akatambaa juu ya mawe huku damu inamtoka upya. "Usipige! Itakuua! Yesu na Maria, Elias, usipige!"

Kanga waliruka wote, kishindo kitupu. Elias alisimama nyuma ya kichaka, kidole kwenye kifyatulio, macho yamemtoka kwa hasira.

"Una wazimu? Hicho kilikuwa chakula chako!"

Dunstan aliipokonya bunduki, akaitoa risasi, akamwonyesha namba, huku anahema. Alimweleza mdomo wa ganda, chemba, mtutu. Elias alisikiliza. Akaketi.

"Nilitoa baiskeli yangu kwa hizi," alisema. "Kwa jamaa mmoja tu, nikaona aibu kusema. Nilitaka nikuletee za maana, tuyamalize." Kisha akainua uso. "Jana ulizishika. Ulijua. Mbona hukuniambia?"

Dunstan aliiweka bunduki chini.

"Nilidhani unajua."

Elias hakutukana. Afadhali angetukana.

Upepo ulitulia kabla ya adhuhuri. Wavuvi wa usipa waliokuwa wakipita kwenda Chiwanda waliona shati la Elias likipepea juu ya mwamba, wakakata kona. Maji yalikuwa ya kiunoni mpaka kwenye boti yao. Elias aliinama, akampakia Dunstan mgongoni.

"Nishushe, shemeji, nitajikongoja."

"Tulia."

"Nisamehe, Elias."

Elias alipiga hatua majini, mguu kwa mguu, akipapasa mawe.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Lakini ulichonidhania, Devotha utamweleza mwenyewe."

Dunstan alimkumbatia shingoni asianguke, akaanza kulia.