Usingizi wa Macalder

Probox nyeupe iliiacha barabara ya Sori, ikakata kona kuelekea Macalder. Caren Nyatichi akapunguza mwendo wa Boxer yake. Aliyemwona angedhani ni mwendesha boda anayetafuta abiria.

Chini ya koti kulikuwa na Glock 19.

"Uko wapi?" Sauti ya Chrispine, mwenzake wa Idara ya Upelelezi, ilikwaruza sikioni.

"Macalder. Mzigo unaingia kliniki."

"Kwa Daktari?"

"Kwa Daktari."

Daktari Mogaka aliwatibu wachimba dhahabu. Mgongo ukiuma, tramadol. Goti, tramadol. Dozi ikikosa nguvu, anaongeza. Vidonge vilivuka ziwa kwa boti, vikali kuliko vinavyoruhusiwa nchini. Wachimbaji walimeza, wakalala. Wengine hawakuamka.

Caren alihudhuria mazishi yao akijifanya jamaa. Yale ya kwanza alilia. Siku hizi hakuhisi kitu.

Aliingia kliniki akichechemea.

"Keti, mama. Wapi panauma?"

"Kiuno."

Mogaka alikuwa ameshaanza kuandika.

"Daktari," mwanamke akaita kutoka barazani. "Bwanangu hapumui poa."

Aliitwa Risper. Mumewe, Caleb, mchimbaji, alikuwa amelala kwenye benchi, midomo imegeuka buluu. Mogaka alimtazama mara moja tu. Akabeba mkoba wake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Caren akachomoa bastola. Mgongo wa Daktari ulikuwa mpana, karibu.

Nyuma yake Caleb akakoroma. Kisha kimya.

Akairudisha Glock. Akatoa naloxone, dawa ya kupuliza puani inayozima nguvu ya vidonge vile, akampulizia.

"Shika kichwa hivi, mama."

Akaanza kumpa pumzi mdomoni. Nje, Probox ikanguruma, ikaondoka.

"Chrispine," akasema kati ya pumzi. "Anakuja kwako, njia ya Ndhiwa. Yeye na mzigo. Na uniitie ambulensi."

"Wewe je?"

"Niko na kazi."

Akapuliza tena. Akaendelea kumpa pumzi mpaka shingo ikamuuma. Hatimaye Caleb akavuta hewa kama mtu aliyetolewa ziwani.

Ambulensi ilipokuwa ikipinda kuingia kliniki, redio ikarudi. "Tumemshika. Mzigo wote upo. Anasema alikuwa anapunguzia watu maumivu tu."

"Atayasema kortini."

Caleb alifumbua macho. Jasho lilimtoka, mwili ukamtetemeka.

"Dada," akanong'ona. "Mgongo. Niongezee ile dawa."

Risper aligeuza uso.

"Mama, mkifika hospitali waambie alikunywa nini," Caren akamwambia. "Na asiachwe alale peke yake. Hii niliyompa inaisha nguvu haraka."

"Erokamano, asante," Risper akasema. "Umenirudishia yeye."

Caren alingoja furaha ije. Haikuja.

Ambulensi ilipoondoka nao, alivaa helmeti, akapiga Boxer kiki, akaondoka polepole.